Pikapu ya Baba Winnie Asubuhi

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, wazee wetu, majirani wa Kiseke na mafundi mliotoka Mabatini, familia imenituma mimi mdogo wake, Rebeka, niwasomee maisha ya kaka yetu, Revocatus Chenge.

Alizaliwa Kamanga, wilaya ya Sengerema, tarehe 14 Agosti 1955, mtoto wa kwanza wa mzee Elias Chenge na mama Selina. Alisoma hapohapo Kamanga hadi darasa la saba mwaka 1970, akavuka maji kuja Mwanza kujifunza ufundi, na mwaka 1979 akafungua karakana yake Mabatini, akitengeneza pampu za dizeli. Kazi yake ilikuwa kuitegesha pampu ipeleke mafuta kwenye injini kwa wakati wake, kwa sababu yakiwahi mno injini hugonga, yakichelewa hutoa moshi na kukosa nguvu.

Tarehe 5 Juni 1982 alifunga ndoa na Suzana, wakajaliwa watoto wawili, Winnie aliye Dodoma na Pius aliye Mbeya.

Suzana alitutoka tarehe 2 Machi 2016, na nyumba ya Kiseke ikabaki na mtu mmoja. Watoto walimwomba ahamie kwao, akakataa, akiuliza ni nani atakayepalilia kaburi la mama yao. Alipikia sufuria ndogo, alikula upande uleule wa meza, na redio aliiacha ikiongea hata akiwa nje. Alikuwa na hofu moja, aliyomweleza jirani yake, Mama Yasmin, kwamba atakuja kufa humo ndani na watu wajue siku zimeshapita.

Basi wakapatana kwamba mlio wa pikapu yake ndio utakaomjulisha Mama Yasmin kuwa kumekucha salama. Kila asubuhi kaka aliwasha pikapu yake kuukuu, akavuta kishikio kilicho chini ya usukani, kinachowahisha mafuta kidogo injini ikiwa ya baridi, nayo ikagonga kwa ukali, kisha ilipopata joto alikirudisha na sauti ikashuka. Hakuwa na safari yoyote. Mama Yasmin alimtania, "Baba Winnie, unatuamsha mtaa mzima, na gari lenyewe hata sokoni haliendi," naye akamjibu, "Siku lisipowaka, au likigoma kutulia, shemeji, ndiyo uje."

Novemba 2024 alianza kuugua moyo, akatibiwa, akarudi nyumbani kwake. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, pikapu iliwaka, ikagonga, ikaendelea kugonga. Mama Yasmin aliacha chai jikoni, akamkuta kaka ameegemea usukani, bado anapumua, akamwita mumewe, Faisal, atafute gari, akamshika mkono. Kaka alimwonyesha kishikio kwa kidole, Mama Yasmin akakirudisha, injini ikatulia. Alifariki njiani kwenda hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa jirani yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake waliokuwa wakimletea pampu azisikilize hata alipokwisha kufunga karakana, na majirani mliokesha nasi. Mama Yasmin, kwako tumekosa neno linalotosha. Jambo aliloliogopa kaka halikumpata, kwa kuwa kila asubuhi ulimsikiliza.

Pumzika kwa amani, kaka. Hukuondoka peke yako.