Swali la Magdalena Ambalo Hamkuliitikia

Baba Paroko na viongozi wa kigango, Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zetu Waislamu mliojaza upande ule wa turubai, asalaam aleikum, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Tekla, mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, na ninasimama kwa niaba ya familia kusoma maisha ya dada yetu Magdalena. Jana Mzee Benjamin, mwenyekiti wa jumuiya yetu, aliniletea karatasi aliyokwisha kuiandika yeye, yenye kusema kwamba marehemu aliyapokea yote bila manung'uniko, kwa kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Namshukuru kwa mwandiko wake mzuri. Karatasi ile nimewashia moto wa chai mliyokunywa asubuhi, na hii ninayoisoma nimeiandika mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Mtama tarehe 22 Julai 1978, siku ya Mtakatifu Maria Magdalena, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, akabatizwa mwezi uliofuata, akasoma shule ya msingi hapohapo Mtama kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akafaulu, lakini mwaka ule mikorosho ya baba ilipigwa na ugonjwa wa ubwiri, maua yakakauka yote, na sekondari ikaishia hapo. Akapelekwa kwa masista kujifunza ushonaji kwa miaka miwili, na sista aliyemfundisha alikuwa akisema kwamba huyu binti anauliza maswali mengi kuliko anavyotumia uzi. Hilo mlijue mapema, hakuanza kuuliza ukubwani.

Mwaka 1997 alihamia hapa Tingi akafungua kibaraza chake cha ushonaji, akashona sare za shule, kanzu za watumishi wa altare, na vitenge hivi vya mwaka 2019 ambavyo wanakwaya mmevivaa leo, kwa sababu vile vya fundi mwingine mliyempa kazi baadaye vimeshaachia makwapani. Tarehe 18 Oktoba 2003 alifunga ndoa takatifu na Benedikto, fundi mwashi, mtu wa maneno machache, wakakaa miaka karibu saba bila mtoto, kisha Juni 2010 wakampata Imani, na mwaka 2013 wakampata Consolata, huyu aliyekaa hapa mbele.

Tarehe 11 Machi 2021, Imani alifariki kwa homa ya siku tatu, akiwa na miaka kumi, njiani kwenda hospitali, kwenye pikipiki, kifuani kwa mama yake.

Kwa ndugu zetu msiosali nasi, nieleze utaratibu. Kila Jumamosi jumuiya yetu hukutana kwenye nyumba ya mmojawapo, Injili ikishasomwa, kila mwenye ombi hulitaja kwa sauti, na wote huitikia, Ee Bwana, twakuomba utusikie. Tunaitikia ombi la mvua, la mtihani wa darasa la saba, hata la kuku aliyepotea limewahi kuitikiwa. Jumamosi ya tarehe 17 Aprili 2021, zamu yake ilipofika, dada yangu alisema, Ee Bwana, nakuuliza kwa nini umemchukua Imani, na hakuna aliyeitikia. Mzee Benjamin akakohoa, akasema, mama, hilo si ombi, hilo ni kumhoji Mungu, piga magoti utubu. Akajibu kwamba Bwana wetu mwenyewe aliuliza msalabani kwa nini ameachwa, wala hatujasikia kwamba malaika walimwambia atubu. Wiki iliyofuata akaondolewa kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza, na sare za kwaya zikapelekwa kwa fundi mwingine.

Wengi wangehama, au wangehamia kwa wale wahubiri wa spika wanaojua sababu ya kila kitu. Yeye alirudi Jumamosi iliyofuata na swali lilelile, na iliyofuata tena, kwa miaka minne na zaidi, na kila mara mlimpa ukimya. Mkisema alikosa imani, nawauliza, mtu asiyeamini kwamba kuna anayesikia angeuliza mara zote hizo kwa ajili ya nani?

Jumapili ya tarehe 5 Mei 2024, katika mvua zile zilizokata barabara, Benedikto alifunga kamba kiunoni akavusha watu saba kwenye korongo lililojaa, akarudi kumfuata wa nane, maji yakamchukua. Wanne kati ya saba hao wako chini ya turubai hili, nawaona, na wanajua ninawaona. Siku ya arobaini walikuja kumwambia dada kwamba Mungu humjaribu ampendaye. Jumamosi ile swali likawa na majina mawili, Imani na Benedikto, na waliovushwa nao hawakuitikia.

Septemba 2024 alianza kutokwa damu, akapimwa, ikaonekana ni saratani ya shingo ya kizazi, akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, akarudi Februari 2025 amekonda, mashine ya kushonea hawezi tena kuikanyaga. Wakaja watu kumwuliza ana dhambi gani ambayo hajaiungama. Wakaja nyumbani kwake, wakakalia mikeka yake, wakamwuliza hilo.

Na mimi, kabla hamjasema Tekla ana mdomo, naungama hapa mbele ya jeneza lake. Jumamosi zote hizo nilikuwepo. Nilikaa ubavuni kwake, bega kwa bega, na sikuitikia hata mara moja, kwa kuwa niliogopa Mungu asije akanigeukia na mimi. Hasira yangu kwenu ni kubwa, lakini iliyo kubwa kuliko zote ni yangu kwangu.

Jumamosi ya tarehe 2 Agosti jumuiya ilikutana kwake, akainuliwa akaegemezwa ukutani, akauliza kwa mara ya mwisho. Kwenye mlango wa nyuma alikuwepo Bi Ziada, jirani yake, Mwislamu, aliyekuja na uji, na katika ukimya ule sote tulimsikia akisema, Amin. Dada akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mafuriko. Alifariki Jumanne ya tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nimemshika mkono, na alikuwa amenitaka jambo moja tu, kwamba asiingizwe kaburini kabla swali lake halijaitikiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Dar es Salaam, ambao hawakujifanya wanajua sababu, inawashukuru mafundi cherehani wenzake waliomalizia nguo za wateja wake, inawashukuru majirani, na wa kwanza wao Bi Ziada. Jumuiya bado sijaishukuru. Nasubiri kidogo.

Ninasoma kama alivyolisema. Ee Bwana, nakuuliza kwa nini umemchukua Imani, kwa nini umemchukua Benedikto, na kwa nini unaniita mimi nikimwacha Consolata.

Ee Bwana, twakuomba utusikie.

Nimesikia sauti tatu, yangu, ya mtoto, na Amin ya Bi Ziada. Wabeba jeneza, kaeni kwanza. Ninarudia, na safari hii Mzee Benjamin nakutazama wewe. Ee Bwana, nakuuliza kwa nini umemchukua Imani, kwa nini umemchukua Benedikto, na kwa nini unaniita mimi nikimwacha Consolata.

Haya. Asanteni. Asante, mzee, futa machozi. Hivyo tu ndivyo alivyotaka. Sasa mnaweza kumbeba.

Dada Magdalena, pumzika kwa amani, na ukifika kwake, muulize.