Marehemu Magdalene Kemunto, Aliyelia Bila Machozi

Waombolezaji wenzangu, mimi ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na familia imenipa wasifu huu niusome kwa sababu katika mitaa yetu, kuanzia Newtown mpaka Lozells, hakuna sauti inayoishinda hii yangu, ingawa shule niliiacha darasa la nne.

Marehemu alizaliwa Kisii tarehe 12 Machi 1931, akasoma shule ya misheni, akahitimu uuguzi Kisumu, mwaka 1955 akaolewa na kaka yangu Cleopas Onyango, wakajaliwa Otieno na Adhiambo, na mwaka 1967 wakahamia hapa Birmingham, alikofanya kazi wodini hadi alipozidiwa.

Kaka alifariki tarehe 9 Februari 1971, na siku ya kuaga mwili, kina mama wakigaragara kwa kilio, Kemunto aliketi macho makavu kama kioo, hata mmoja akasema, "Mke asiyelia anajua kilichomla mumewe," na tangu hapo hamkugusa tena chakula chake, na watoto wenu mliwavusha upande wa pili wa barabara mkimwona. Mimi niliingia kwake, akaniambia, "Shemeji, nalia, ila hayatoki."

Kwa kweli nyumba ile ilitisha, alilala macho nusu wazi, na ukinyamaza ulisikia kope zake zikikwaruzana, naapa, mimi nisiyeogopa hata fisi nilisogeza kiti karibu na mlango.

Mwaka 1973 daktari alimwekea kikaratasi cha kupimia machozi chini ya kope, kikatoka kikavu, akaeleza kwamba kinga ya mwili wake ilikuwa inazishambulia tezi za machozi na za mate, ugonjwa wa kutunzwa tu, hauponi, basi akaishi kwa matone ya macho kila saa, chupa ya maji mkobani, peremende za ndimu, na bakuli la maji karibu na hita ili hewa isikauke. Nikalitangaza jambo hilo kanisani kwa sauti hii hii, baadhi yenu mkanijibu, "Mzungu anajua nini habari za uchawi?"

Baadaye tezi za shingoni zikavimba, ikawa saratani, akafariki Jumanne tarehe 14 Novemba 1978.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, na jirani yake Raksha, aliyekula kwake miaka yote hii na hajafa.

Asubuhi ya leo, mimi na Raksha tulipofunua jeneza, mashavu ya marehemu yalikuwa yamelowa, na ile dawa ya matone iliisha kabla hajafariki, nikampangusa, machozi yakatoka tena. Ninyi mliokuwa mkiyangoja machozi yake, piteni mtazame kabla hatujafunika, na kitambaa ni hiki hapa, bado kibichi.

Pumzika, shemeji, ulie sasa kwa amani.