Aliyekuwa Akiwanasa Paka

Sogeeni, wanangu, pumzi iliyobaki si ya kupigia kelele. Wewe binti, acha kunifuta jasho, sijafa bado. Na wewe kitindamimba, nimekuona umeegemea mlango kama mgeni. Sikiliza, maana maneno mengi ni yako.

Nyumba ni yenu wawili, msiiuze kwa ugomvi. Cherehani ni ya binti. Sasa nije kwenye paka.

Mnajua jinsi mimi, mwenye bucha na mama wa mitumba tulivyokuwa tukiwanasa paka wa uchochoroni wasio na mwenyewe, tukiwapeleka kwa daktari wa mifugo awafunge uzazi na kuwakata ncha ya sikio, ili ukimwona ujue huyu tayari, kisha tukiwarudisha palepale, kwa sababu paka aliyeshika mahali pake hamruhusu mgeni. Hilo la kuwarudisha wewe wa mlangoni hukulielewa, mwanangu. Nilipolazwa hospitali, majirani wakakulalamikia, ukawatia paka kwenye magunia ukawatupa mbali, ukidhani umemsaidia mama. Uchochoro ukabaki mtupu, wakaingia wengine wenye masikio mazima, wakazaana hadi jikoni kwa watu, na mtu akamwaga sumu. Nilirudi nikakuta mizoga inazolewa kwa koleo.

Nikakufukuza. Nilisema usikanyage tena hapa, na kwa ukaidi uliourithi kwangu hukukanyaga. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi huyo nimemlea miaka yote, na mjukuu wangu wa kweli, mtoto wako, sijawahi kumpakata.

Juzi mwenye bucha alikuja kunijulia hali. Nikamshukuru kwamba siku hizi paka wote wa uchochoroni wana sikio lililokatwa. Akainama, akasema, "Mama, mimi mgongo uliniacha zamani. Anayewanasa ni mwanao. Alituapisha tusikwambie."

Kumbe alfajiri zote hizo ulikuwa nyuma ya ukuta huuhuu na mtego wako, nami nimelala humu nikikunung'unikia. Nilikuwa nikisikia kikohozi chako, nikadhani ni mpita njia. Naumia, mwanangu, kuliko ninavyoumwa.

Binti, ile saruji uliyonunua usizibe nayo tundu la ukutani, paka wapite. Mpe mdogo wako ufunguo wa uani, aingie kwa mlango kama mwenye nyumba. Na wewe, mfundishe mwanao kazi hiyo, ila umwambie bibi yake yupo... alikuwepo, alimpenda.

Ulilokosea ulikosea kwa kutojua, nimesamehe. Nililokufanyia nilijua. Nisamehe na wewe. Mungu awape kusikilizana, awape... ngoja nipumzike.

Njoo. Karibu zaidi, sikuoni vizuri. Lete mkono. Mbona umekwaruzwa hivi, hadi kwenye kiganja? Alama za kucha zote hizi, na mimi nipo hapa nyuma ya ukuta...

Binti, lete dawa ya vidonda. Hapana, nipe mimi. Nitampaka mwenyewe.