Binti wa Tepe Ana Afya

Benchi langu la kushonea viatu niliwatengenezea wateja, lakini wateja hawalipati. Wanaolikalia kutwa ni watu wasio na kiatu cha kushonwa, wana midomo tu, na mama wa kahawa ameweka jiko lake pembeni kwa sababu anajua midomo hukauka. Yupo Mzee Takwimu, karani mstaafu, ambaye hata salamu anaipigia asilimia. Yupo Dokta, fundi redio, ambaye tulimwita hivyo kwa utani, naye akaamini. Siku hiyo alikuwepo pia dada mmoja mgeni mtaani, kandambili yake imekatika mkanda, anangoja nimalize. Hapo ndipo Tepe alipofika amenuna. Huyu ni fundi cherehani wa mlango wa tatu kutoka kwangu, na jina limetoka kwenye tepe ya kupimia isiyomtoka shingoni hata msibani.

Tepe: Binti yangu kagoma kwenda shule. Kalala kageukia ukutani.

Dokta: Homa?

Tepe: Homa ningemnunulia dawa. Ni wale watafiti. Si mnawajua, wanaokwenda shuleni kupima watoto kilo, urefu, kiuno, na kuwauliza wanakula nini na wanacheza kiasi gani.

Takwimu: Nawajua. Asilimia tisini yao ni vijana.

Tepe: Mara ya kwanza walipokuja waliniita. Yule dada wa mzani akaniambia kwa adabu, "Baba, tunataka mtoto wako awe na afya."

Mama wa kahawa: Yule? Awe na afya?

Dokta: Mtoto ana afya mpaka mashavu yanamziba macho!

Tepe: Na mimi nilishangaa hivyo hivyo. Nikajiuliza, hawa wanataka afya ya kiasi gani? Nikaona, wao ndio waliosoma. Nikamwambia mama yake aongeze. Mayai asubuhi, soda mchana, mkate upakwe siagi pande zote mbili.

Mama wa kahawa: Pande zote mbili? Anaushikaje?

Tepe: Kwa uma.

Tukacheka, naye hakucheka. Hapo nikaweka sindano chini.

Tepe: Jana wamerudi kumpima tena. Dada akatazama mzani, akanitazama mimi. "Baba, tulizungumza nini?" Nikamjibu, afya. Si hiyo hapo? Darasa zima likaangua kicheko. Mtoto akashuka kwenye mzani analia, na mimi nimesimama pale nimekenua meno, nadhani wanacheka na sisi.

Takwimu: Pole, bwana.

Tepe: Sasa wana kipindi cha michezo baada ya masomo, wanataka kumwingiza. Kesho asubuhi wanangoja jibu langu. Mama yake hataki, anasema watamcheka tena huko. Mtoto mwenyewe hasemi kitu. Jamani, nikubali au nikatae? Yule ni mmoja tu niliye naye.

Kwenye benchi langu msaada huja mbio, kazi ni kuuzuia.

Takwimu: Tulia. Nimewahi kusikia wanavyopiga hesabu yao. Wanachukua kilo, wanagawa kwa urefu, halafu wanagawa tena kwa urefu ule ule.

Tepe: Mara mbili? Kwa nini?

Takwimu: Hapo sijui. Lakini fikiria mwenyewe. Kilo imetumika mara moja, urefu umetumika mara mbili. Kwa hiyo tatizo kubwa ni urefu. Binti yako si mnene, bwana. Ni mfupi.

Tepe: Sasa nimrefusheje? Sketi naweza kuifungua pindo. Mtoto hana pindo.

Takwimu: Waambie wampime akiwa amelala. Mtu akilala ananyooka.

Dokta: Usimsikilize huyu. Mtoto ni betri. Anachajiwa asubuhi, mchana, jioni, na hakuna redio anayoiwasha. Betri ya namna hiyo inafanyaje?

Tepe: Inafanyaje?

Dokta: Inavimba.

Kidogo nimpe mkono, maana kwa mara ya kwanza tangu tujuane Dokta alikuwa amekaribia neno la maana. Hakukaa hapo.

Dokta: Na chaji haiingii kwa mdomo peke yake. Kutwa anatazama televisheni, sivyo? Umeme wote ule unakwenda wapi? Unaingia kwa macho. Mfunike macho jioni, utaona atakavyopungua.

Mama wa kahawa: Mimi nasema ni kijicho. Yule dada wa mzani nimemwona, mkono wake kama mpini wa kijiko. Mtu mwembamba vile atamtakia mema mtoto wa mwenzake?

Takwimu: Mzani wenyewe uko wapi?

Tepe: Darasani, ghorofani.

Takwimu: Ghorofani! Sasa mzigo ukishapandishwa juu si unakuwa mzito zaidi? Muulize mpagazi yeyote.

Hata mimi nilisita hapo. Nimewahi kubeba gunia la soli kupanda ngazi, na kweli juu lilikuwa zito kuliko chini. Nikaanza kumuunga mkono, nikaona naharibu, nikarudi kwenye sindano yangu. Tepe alikuwa anatugeukia mmoja mmoja, tepe yake kaizungusha kidoleni mpaka kidole kimebadilika rangi. Nilimwonea huruma sana. Alikuja na swali moja, tumempa matano.

Ndipo yule dada mgeni, mguu mmoja peku, akauliza kwa upole.

— Samahani, kaka. Huyo mtoto anapenda kucheza nini?

Tepe: Anapenda wali.

— Kucheza, kaka.

Tepe: Aa. Anapenda katuni.

— Hizo anatazama.

Mzee Takwimu akasema "Asilimia," halafu akakosa ni ngapi. Mama wa kahawa akajifanya anapuliza moto. Mtoto yule amepita mbele ya benchi hili tangu alipokuwa anabebwa. Tunajua anachokula, tunajua mpaka uma. Hilo hatukulijua.

Tepe: Kiuno chake nakijua, bega nalijua, urefu wa mkono naujua. Hili sijawahi kumuuliza.

Akanywa kahawa iliyobaki, akarudisha kikombe, akasema anakwenda nyumbani kumuuliza, na atakachosema mtoto ndicho atakachowaambia kesho. Tukafurahi, tukamsindikiza kwa macho na maneno mengi ya kumtia moyo. Anaishi nyuma ya kibanda chake, na mlango wa kuingia ndani uko pale barazani, nyuma ya cherehani. Akaufikia, akashika kitasa, akasimama. Kisha akageuka, akatupazia sauti mtaa mzima ukisikia.

— Nikishaingia, naanzaje?

Tukatazamana. Sote wa benchi lile tuna watoto, na kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.