Shukrani Alizoziagiza Elihuruma Mrutu

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na marafiki mliotoka Anoka, Oakdale na kila pembe ya Minneapolis na Saint Paul, nasimama kwa niaba ya familia, mimi Tumsifu, mdogo wake marehemu, kuwasomea maisha ya kaka yetu, na niseme mapema kwamba historia hii imeandikwa kwa ugomvi, kwa sababu wiki nzima pale msibani hatukuelewana kama mwajiri wake wa zamani atajwe kwenye shukrani au asitajwe. Desturi yetu mwajiri hushukuriwa, mimi nikasema huyu simshukuru, basi mkae mkijua hivyo wakati nasoma.

Elihuruma Mrutu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Usangi, Upareni, mkoani Kilimanjaro, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nderingo na Mama Naelijwa, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1974 hadi 1980, akaenda sekondari Same, kidato cha tano na sita Moshi, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikohitimu shahada ya historia mwaka 1992, akarudi Same kufundisha, na mwezi Agosti 1998 akaja hapa Minneapolis kuendelea na masomo.

Alichokuja kusoma kilituchekesha nyumbani, maana tulitegemea achague historia ya milima yetu, yeye akachagua Wajerumani, tena si hawa waliotutawala, bali makabila ya kale ya ng'ambo ya mto Rhine, ambayo vijana wao walichukuliwa Rumi kumlinda Kaisari. Mwaka 2000 nilipomfuata huku akanipokea, nikaanza ufundi wa magari Anoka, na Jumamosi alikuwa akija gereji kunisimulia mimi nikiwa chini ya gari. Alisema Kaisari alikuwa na askari Warumi wa kutosha lakini hakuwaamini, kwa kuwa kila Mrumi alikuwa na mjomba barazani na shemeji kwenye njama, ila yule Mjerumani hakuwa na mtu mjini, alimjua Kaisari tu, basi ndiye aliyewekwa mlangoni pake. Akanieleza na walivyolipwa, kwamba alipoingia Kaisari aitwaye Galba alikivunja kikosi chote, watu ambao uaminifu wao ulikuwa umeonekana mara nyingi, akawarudisha kwao mikono mitupu kwa madai kuwa mioyo yao ilikuwa kwa mtu mwingine. Nikamwambia hao walikuwa wajinga, yeye akasema walikuwa wameapa, tukanuniana mpaka Jumamosi iliyofuata.

Masomo hayakufika mwisho, ufadhili ulikatika mwaka 2001, na tarehe 4 Machi 2002 akaanza kazi ya ulinzi katika kampuni ya familia moja yenye maghala upande wa Oakdale, jina lao sitalitaja. Mwenye kampuni, mzungu mtu mzima ambaye walinzi walimwita Mzee, alichagua walinzi wageni watupu, kaka yetu kutoka Upareni, Bagalwa huyu aliyekaa hapa mbele kutoka Bukavu, na wengine, akawaambia waziwazi kwamba wenyeji wanajuana na jamaa zake na huwapelekea maneno, wao hawajuani na mtu. Mtu mwenye habari zote zile za Rumi kichwani angesikia hayo akachukua koti lake akaondoka. Kaka yetu aliona ni heshima, na mimi hilo sijalielewa mpaka leo.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na Dafrosa, msaidizi wa wauguzi, katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia Shekinah mwaka 2005 na Alvin mwaka 2009, watoto wanaoelewa kila ninachosoma hapa hata kama baadaye watanijibu kwa Kiingereza. Alikuwa baba mpole, lakini tuseme ukweli, Shekinah alipata kipaimara baba yake akiwa zamu kwa Mzee, kwa sababu Mzee siku hiyo alikuwa na homa na hakutaka mtu mwingine mlangoni.

Mwaka 2016 Mzee alianza kusahau mambo, na kabla hajasahau zaidi alimwagiza kaka yetu asimruhusu mtu yeyote kuingia na karatasi za kusaini mpaka binti yake awepo. Mtoto wa kiume wa Mzee akaja na mwanasheria, akaahidi cheo, akatisha, Elihuruma akabaki amesimama pale pale, akamwambia, na Bagalwa alisikia, "Bosi mdogo, mimi niliajiriwa na baba yako, akiamka nitamwambia ulikuja."

Mzee alifariki tarehe 20 Mei 2019, akazikwa Jumamosi, kaka yetu akiwa amesimama nyuma kabisa ya watu, na Jumanne mtoto wa kiume aliyeshika kampuni akawaita walinzi wote wageni, akawaambia wao ni watu wa dada yake, wakabidhi funguo waende. Miaka kumi na saba iliishia hapo. Walipofika kwenye maegesho Bagalwa akamuuliza, "Professeur, bale Bajerumani bako nabo balirudisha funguo?" Kaka yetu akajibu, "Walirudisha," wakacheka mpaka wakashikilia gari, ila Dafrosa anasema alipofika nyumbani alikaa na koti mwilini mpaka jioni. Toka hapo aliendesha basi la shule, na habari za Rumi hakunisimulia tena.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Minneapolis kwa zaidi ya mwaka, akapungua mwili lakini si adabu, na Jumatano tarehe 15 Januari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia, mke wake akiwa kando yake.

Juzi limeletwa shada la maua kutoka kampuni ile, na kadi iliyoandikwa kwamba walimpoteza mtumishi mwaminifu. Waliomfukuza kwa kukosa uaminifu ndio wanatuandikia hivyo akiwa ndani ya jeneza. Kadi niliichana, nikabeba na shada nikalitupe kwenye theluji, Dafrosa akanishika mkono akaniambia, "Shemeji, maua hayana kosa." Ndipo akanieleza kuwa marehemu, wiki yake ya mwisho, aliagiza kampuni ishukuriwe, na yeye Dafrosa alipomuuliza nani atakubali kulisoma jambo hilo, alijibu, "Tumsifu atakataa, halafu atasoma."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Maplewood waliosafisha theluji mlangoni na kutupikia, madereva wenzake wa mabasi ya shule, Mchungaji na wanakwaya, na Bagalwa pamoja na walinzi wenzake, ambao walikaa naye hospitali kwa zamu bila kuajiriwa na mtu.

Na kampuni ile, familia inaishukuru.

Nimesoma, kaka, na mtu yeyote asitoke hapa akidhani nimelainika, yule bwana hakustahili hata neno moja kinywani mwangu, nimelisema kwa kuwa agizo ni lako, na mimi katika mji huu sikuwa na mwingine ila wewe.

Pumzika sasa, Elihuruma, kwa amani.