Dagaa Walilala Ndani ya Chandarua

Wapendwa, Bwana apewe sifa! Mnaniona nimesimama hapa, lakini nilikaribia kuzikwa kwa sababu ya majivuno.

Ndugu zangu, nilizaliwa Ikola, kando ya ziwa, ambako mbu hawabishi hodi. Utotoni malaria ilinipiga sana, mpaka ikafika wakati naumwa kichwa asubuhi, jioni nacheza mpira. Nikaoa, nikahamia huku milimani Mwese kulima. Baridi, mbu wachache. Miaka minane sikuumwa! Nikajisifu humu humu kanisani: "Malaria inaniogopa!" Nyie mkasema amina. Nimewasamehe.

Mwaka jana nikarudi Ikola kununua dagaa. Dada yangu Ester akanipa chandarua. Nikawatazama dagaa wangu: mchana wanadonolewa na kuku, usiku wanaibwa na paka. Nikawafunika wao.

"Kaka, na wewe je?"

"Mimi mtoto wa hapa! Damu yangu inatosha."

Wiki ya pili nikatetemeka mpaka kitanda kikasogea. Nikasema ni uchovu. Siku ya tatu nikamwita mbuzi kwa jina la mke wangu. Ester akanipakia kwenye baiskeli, akanifunga kwa kanga mgongoni mwake kama mtoto, mbio mpaka kituo cha afya. Wakanitundikia dripu ya kwinini. Masikioni zikalia kengele. Nikajua nimefika! Nikamwuliza muuguzi kama kengele hizo ni za mbinguni, na yeye ni malaika.

"Hapana, baba. Kengele hizo ni dawa ya kwinini."

Nilipopata nafuu akanieleza polepole. Mwilini mna chembechembe za kinga, ni kama askari. Ukiumwa malaria mara kwa mara, wanamzoea adui. Hawammalizi, ila wanampunguza makali. Ukikaa miaka mingi bila kukutana naye, wanapungua, na waliobaki wanachelewa kuamka. "Askari wako, baba, walikuwa likizo Mwese."

Ester akadakia: "Lakini kaka, dagaa wako hajaumwa hata mmoja!"

Wodi nzima ikacheka. Mimi nikalia, ndugu zangu, kwa sababu nilikuwa hai kukisikia kicheko hicho.

Namshukuru Mungu aliyeweka askari ndani yetu, na aliyempa Ester miguu ya kukanyaga baiskeli. Mtumaini yeye, wala usione aibu kupokea msaada anaokuletea. Homa ikikushika, nenda upimwe siku hiyo hiyo. Na chandarua ulichopewa, lala ndani yake wewe. Dagaa wamekwisha kufa. Wewe bado Bwana anakuhitaji!