Weris na Ugonjwa Usio na Kundi

Assalamu aleikum, ndugu, jirani na wafanyakazi wenzake marehemu mliotufikia hapa Garissa siku hii ya tatu ya tanzia, familia imeniomba mimi, kaka yake Yahye, niwasomee maisha ya marehemu Weris Diriye.

Weris alizaliwa Griftu tarehe 14 Machi 1970, akasoma huko na Wajir, akahitimu uuguzi mwaka 1991, na kuanzia Agosti 1992 akahudumu katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera, akiwapima na kuwalisha watoto waliodhoofika kwa njaa. Tarehe 6 Juni 1993 aliolewa na Mwalimu Abdimalik Barre, wakajaaliwa binti, Ayan, tarehe 2 Mei 1994.

Novemba 1995 mtoto mmoja aliyeletwa akiwa hoi alikata roho mikononi mwake, kijiko cha uji kikiwa bado mdomoni, na tangu jioni hiyo Weris hakuweza kumeza chochote isipokuwa chai na maziwa ya ngamia. Daktari wa kwanza alisema ni kifua kikuu, Weris akanywa dawa zilizosagwa katika maziwa kwa miezi sita, wa pili akasema vidonda vya tumbo, wazee wakamsomea Kurani, naye akazidi kukonda.

Machi 1997 Abdimalik alimpeleka Nairobi, kwa daktari aliyemuuliza kama anaogopa kunenepa.

"Mimi natamani mwili, daktari," Weris akamjibu. "Nikitaka kumeza, koo linajifunga."

Daktari alipekua kitabu chake kwa muda mrefu, kisha akaandika kwamba ni ugonjwa wa kula, ila hauingii katika kundi lolote analolijua.

"Kama hauna kundi, dawa yake tutaitafuta wapi?" Abdimalik akauliza, na daktari akasema, "Hilo silijui."

Walirudi nyumbani, Abdimalik akawa anaketi mbele yake na bakuli la wali, akimbembeleza kwa neno letu la kumwita dada kwa upendo, "Abaayo, kijiko kimoja tu," naye akijibu, "Nataka, wallahi nataka." Siku moja Ayan alimega andazi akamlisha mamake, Weris akaliweka shavuni akitabasamu mpaka mtoto alipotoka kucheza, ndipo akalitema kwenye leso, huku Abdimalik akimwona kutoka mlangoni.

Tarehe 19 Septemba 1997, saa nne asubuhi, moyo wake ulisimama, akiwa na kilo thelathini na moja.

Tunawashukuru wauguzi wenzake, jirani waliotukamulia maziwa kila siku, na daktari yule wa Nairobi, ambaye ndiye pekee aliyekiri kwetu kwamba hajui.

Mola akupe pumziko la amani, dada yangu.